Klima ya Motokari Kuukuu Si Anasa

Wewe mfanyakazi uliyenunua motokari yako kwa jasho, nisikilize kidogo. Ukitoka kazini mwezi wa nane, ukapita Kasulo nyuma ya lori la madini, unafanya nini? Klima imekufa zamani, basi unashusha vioo. Vumbi jekundu linaingia, linakaa juu ya viti, juu ya nguo za watoto, na vifuani mwenu.

Wengine husema klima ni kitu cha wakubwa. Mimi nakataa. Vumbi la Kasulo si vumbi la shamba. Tangu mwaka 2014, kobalti ilipoonekana chini ya nyumba za watu, mashimo yalichimbwa hata uani. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven, huko Ubelgiji, walitangaza walichokuta: wakaaji wa mtaa huo walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo na damu kuliko watu wa mtaa jirani usiochimbwa, na watoto ndio walizidi. Kwa hiyo kufunga vioo ni jambo la afya. Lakini nani atafunga vioo katika joto la mwezi wa kumi bila klima?

Itengeneze basi, ila usikubali fundi aseme tu, "Tutie gesi." Gesi ya klima hailiwi kama petroli. Ikipungua upesi, imevuja. Kwanza atafute mahali inapovuja, kwa maji ya sabuni kwenye viungo vya mipira, na abadilishe pete zilizokauka. Akitaka kupima kwa shinikizo la oksijeni ya wachoma-vyuma, mwondolee motokari yako mara moja! Oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka. Kazi hiyo ni ya naitrojeni.

Kama motokari ni ya kabla ya mwaka 1995 hivi, huenda ilitengenezwa kwa gesi R12. Mataifa yalipatana Montreal mwaka 1987 kuipunguza, kwa kuwa inaharibu ozoni inayotukinga na mionzi ya jua, na nchi kama yetu zilipewa hadi 2010 kuiacha. Siku hizi hutiwa R134a. Vizuri, lakini gesi hii haichanganyiki na mafuta ya zamani. Yasipotolewa na kutiwa mafuta ya esta, kompresa itasaga kavu na kufa, na fedha zako zitakwenda nayo. Chupa ya kukausha unyevu nayo ibadilishwe, kisha hewa yote ivutwe kwa pampu, nusu saa au zaidi, ndipo gesi itiwe, chini kidogo ya kipimo cha zamani.

Je, mtu akikushauri gesi ya kupikia kwa kuwa ni rahisi? Inapoza kweli. Lakini mfereji ukipasuka ndani, umekaa pamoja na watoto katika sanduku la gesi inayowaka.

Hata R134a si mchezo. Ikiwa maji huchemka kwenye digrii 26 chini ya sifuri, na ikirukia jicho inaligandisha. Fundi avae miwani na glavu, afanye kazi penye hewa, asivute sigara, maana gesi hiyo ikipita motoni hutoa sumu. Watoto wanaopenda kutazama waende mbali.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Motokari nyingi za zamani hazina kichungi cha hewa ya ndani, au nafasi yake ipo tupu nyuma ya sanduku la mbele ya abiria. Mwulize fundi akuwekee. Kichungi ni bei ndogo kuliko kompresa, na kwa vumbi letu ni bora kuliko baridi yenyewe. Kikague kila mara wakati wa kiangazi.

Nyuma ya lori, bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Lori likipita, kifungue tena: watu watano wakipumua hewa ileile muda mrefu, dereva husinzia. Na ukimngoja mwenzako wa zamu ya usiku, usilale motokarini injini ikinguruma kwa ajili ya klima. Moshi wa bomba lililotoboka huingia bila harufu ya kukuamsha. Zima injini, shusha kioo.