Anga Ilindwe, Kazi Isisimame

Mwezi wa Desemba mwaka 2025 tume inayosimamia mawasiliano nchini Marekani iliziingiza ndege zisizo na rubani zitengenezwazo nje ya nchi hiyo katika orodha ya vifaa vinavyohesabiwa kuwa hatari kwa usalama wa taifa. Aina mpya za ndege hizo haziwezi tena kupata idhini ya kuuzwa huko, ingawa zilizokwisha kununuliwa zaruhusiwa kuendelea kuruka. Pigo hilo limeiangukia zaidi kampuni ya DJI ya China, muuzaji mkubwa kupita wote duniani wa vyombo hivyo.

Huenda msomaji wetu wa Kihesa, wa Wete au wa Nansio akauliza: ugomvi huo wa wakubwa watuhusu nini? Jibu letu ni kwamba watuhusu sana. Karibu kila ndege nyuki inayoruka juu ya vichwa vyetu imetengenezwa ugenini. Kwa hiyo kwetu sisi sheria yoyote inayobana ndege nyuki, iwe imetungwa Washington au Dodoma, hubana chombo cha kigeni kilichokwisha kuwa jembe la mwananchi.

Tuanze na visiwani. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kusaidiwa na Benki ya Dunia, ilianza kupiga picha Unguja na Pemba kutoka angani ili kutengeneza ramani mpya. Ndege zilizotumika zilitengenezwa Uswisi, lakini waliozirusha walikuwamo vijana wa Kizanzibari, wanafunzi wa chuo hicho. Mwaka 2019, katika mashamba ya mpunga ya Cheju, ndege nyuki za China zilinyunyiza dawa juu ya maji yaliyotuama ili kuangamiza viluwiluwi vya mbu waenezao malaria.

Twende Ziwa Victoria. Mwaka 2018 ndege nyuki ya Kijerumani ilijaribiwa kubeba dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, mwendo wa kilomita 60, kwa muda wa dakika 40 hivi. Wananchi wa Ukerewe, ambao mwezi wa Septemba mwaka huo huo walizika ndugu zao katika msiba wa kivuko cha MV Nyerere, hawahitaji kufundishwa thamani ya dawa inayofika bila kungoja chombo cha majini.

Nasi wa Nyanda za Juu Kusini tuna yetu. Wakulima wa mpunga wa bonde la Usangu wanawajua kweleakwelea, na vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Ruaha vinawajua tembo. Uchunguzi uliofanywa kandokando ya hifadhi za kaskazini ulionyesha kwamba tembo huikimbia sauti ya ndege nyuki na kuliacha shamba. Tusisahau pia msitu wa Sao Hill, ambao kila kiangazi adui yake ni moto. Mlinzi anayeuona moshi mapema ana nafasi ya kuuokoa msitu. Anayeuona kwa kuchelewa huhesabu majivu.

Hatusemi kwamba Serikali haina haki ya kuweka mipaka. Chombo kinachopiga picha shamba la mpunga kinaweza pia kupiga picha kambi ya jeshi. Kinachoruka karibu na uwanja wa ndege chaweza kuangusha ndege yenye abiria. Kinachochungulia ua wa mtu kinavunja heshima ya nyumba yake. Ndiyo maana Kanuni za mwaka 2018 zinamtaka mrushaji asajili chombo chake kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Wizara ya Ulinzi nayo ina sauti katika kibali. Tahadhari kabla ya hatari ni hekima, na hatuwezi kuilaumu.

Tunaloliuliza ni jingine. Je, mzigo wa tahadhari hiyo unagawanywa kwa insafu? Mradi mkubwa wenye wafadhili una watumishi wa kufuatilia barua kutoka meza hadi meza. Kijana wa Kihesa apigaye picha za harusi, au mwalimu wa Chake Chake atakaye kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi chombo kinavyopaa, hana mtumishi wala nauli. Huyo ama huacha, ama hurusha kwa kificho. Sheria inayomfanya mtu mwema ajifiche imempa mhalifu msitu wa kujichanganya.

Kwa ndugu zetu wa visiwani liko jambo la ziada. Ardhi ya Zanzibar husimamiwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, ila usafiri wa anga na ulinzi ni mambo ya Muungano. Afisa wa ardhi wa Unguja akitaka kupima shamba lililo mbele ya macho yake, anga iliyo juu ya shamba hilo ina mwenye kuisimamia mwingine. Haki hiyo ya Muungano hatuipingi. Tunasema kwamba pande mbili za nyumba moja zisiwasiliane kwa barua zinazochukua majira mazima huku mvua zikija na kupita.

Wenzetu wametuachia mafunzo. Kenya ilitoa kanuni mwaka 2017, Bunge lake likazibatilisha mwaka 2018, na mpya zikatoka mwaka 2020. Katikati ya hapo watumiaji walikaa gizani. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani iliposimamisha ndege nyuki zake takriban 800 mwezi wa Januari 2020, iliacha mlango wazi kwa dharura kama moto na uokoaji. Jimbo la Florida lilipopiga marufuku ndege za China kwa idara zake mwaka 2023, polisi na zimamoto walilalamika kwamba zile zilizoruhusiwa zilikuwa ghali zaidi na dhaifu zaidi, na fedha za umma dola milioni 25 zikatengwa kununulia mbadala. Tajiri aweza kulipia kosa la haraka yake. Sisi hatuwezi.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo. Kwanza, mwombaji awe na dirisha moja, na ajue siku ya kupata jibu, liwe ndiyo au hapana. Pili, idara za umma zinazopambana na moto, mafuriko, ajali za majini na wadudu waharibifu zipewe vibali vya kudumu kabla ya maafa, kwani moto haungoji mhuri. Tatu, wanaorusha kwa burudani na kujifunza watengewe viwanja vinavyojulikana, mbali na viwanja vya ndege na kambi, wapewe masharti mepesi na adhabu kali kwa atakayeyavuka. Nne, picha za ardhi yetu zihifadhiwe nyumbani, maana usiri wa taifa hauvuji kwa mabawa ya chombo tu, huvuja pia pale picha zinapolala katika ghala la mgeni.

La tano ndilo kubwa. Idara isiyojua kutengeneza bawa lililovunjika, na inayomtegemea muuzaji mmoja, itasimamishwa siku yoyote na uamuzi uliopitishwa katika mji asioujua hata mkurugenzi wake. Vyuo vyetu vya ufundi vifundishe kazi hiyo. Waliorusha ndege za Uswisi juu ya Pemba ni ushahidi kwamba vichwa tunavyo.

Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kama chombo bado ni cha kuazima, basi ujuzi uwe wetu na sheria iwe yetu, nayo imlinde mwananchi bila kumfunga mikono.