Tukipime Kwanza Kipimo

Mshale wa kanieneo ya oili ukianguka, mafundi wengi hukimbilia kufungua injini. Kwa maoni yangu, huko ni kuhukumu kabla ya ushahidi. Tuchukue lori la kijeshi la Kimarekani, M35, la miaka ya 1950. Geji yake haiguswi kamwe na oili: kihisi kilichofungwa penye injini huipelekea habari kwa waya, katika mfumo wa umeme wa volti 24. Waya ukikatika au kutu ikizuia umeme, mshale husema uongo ilhali injini ni nzima.

Hata hivyo, kuupuuza mshale ni hatari zaidi, kwani beringi zilizokosa oili huharibika kwa muda mfupi mno. Basi injini na izimwe mara moja, na oili ipimwe kwa kijiti chake. Ikiwa inatosha, kihisi kiondolewe, na mahali pake ifungwe geji isiyotumia umeme. Kisha injini iwashwe kidogo. Kanieneo ikiwa nzuri, kosa li katika umeme. Isipokuwa nzuri, ndipo pampu na beringi zikaguliwe. Mwenye kutaka ukweli huanza kwa kukihoji kipimo chake.