NYUMBA NA SHULE: MTOTO MWENYE SHOTO



Katika nyumba nyingi za Meru na Arusha, mtoto apokeaye kitu kwa mkono wa kushoto hukemewa mara moja. Adabu hiyo ni njema, naye aweza kuifundishwa kwa upole. Lakini wako wapitao mpaka, wakampiga mtoto vidole kwa kuwa ameshika kalamu kwa shoto. Nimemwona mmoja akiandika huku akilia, mkono wa kushoto ameukalia.

Yatupasa kujua ya kuwa shoto si ukaidi. Katika watu 10, yapata mmoja ni mwenye shoto. Wataalamu waliowachunguza Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wawindaji wa pori, walieleza mwaka wa 2016 kwamba huko nako wengi hushika zana kwa kuume. Basi tofauti hii haikuzaliwa na kalamu wala shule.

Asili yake i kichwani. Ubongo una nusu mbili, na amri zake huvuka: nusu ya kushoto huamuru mkono wa kuume, na nusu ya kuume huamuru wa kushoto. Kati yao pana daraja la nyuzi yapata milioni 200, lipelekalo habari huku na huku. Roger Sperry wa Marekani, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1981, aliwapima wagonjwa wa kifafa waliokatwa daraja hilo. Mgonjwa akishika kitu kwa mkono wa kushoto pasipo kukiona, hakuweza kukitaja. Maana kwa watu wengi usemi u katika nusu ya kushoto, na habari haikuvuka. Lakini mkono ule ule uliweza kukichagua tena kati ya vitu vingine.

Basi, kuupiga mkono ni kumpiga mtumishi kwa amri ya bwana wake.

Mwalimu, mketishe mtoto huyo mwisho wa dawati, upande wa kushoto, viwiko visigongane. Daftari lake lilale mshazari, pembe ya juu ya kushoto ikiinuka, asifute wino kwa kiganja. Mzazi, mfundishe kupokea kwa kuume. Bali kalamu, sindano na jembe ashike awezavyo.

Tena someni Waamuzi, sura ya 3. Ehudi aliyewaokoa watu wake alikuwa mwenye shoto, naye alitoka kabila la Benyamini, jina ambalo maana yake ni mwana wa mkono wa kuume.