Lango Limefungwa, Mlango wa Nyuma Ungali Wazi



Tarehe 29 Juni 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba vyuo vikuu visitazame tena rangi ya mwombaji vinapochagua wanafunzi. Kesi zilivihusu Chuo Kikuu cha Harvard na kile cha North Carolina. Walioshangilia walisema usawa umeshinda. Nasi usawa tumeuhubiri mimbarani na barabarani. Lakini twauliza: ni usawa gani huu unaoanza kuhesabu leo na kuisahau jana?

Kwa zaidi ya karne mbili watu weusi walikuwa watumwa katika nchi hiyo. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, sheria za ubaguzi zikafuata. Ndiyo maana mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson aliwaambia wahitimu wa Howard kwamba si haki kumfungua mtu minyororo ya miaka mingi, kumsimamisha penye mstari wa mbio, kisha kudai kwamba umemtendea sawa na wenzake. Mwaka 1978, katika kesi ya Bakke, Mahakama ilikataza kutenga idadi maalum ya nafasi, lakini ikaruhusu rangi iwe jambo moja miongoni mwa mengi ya kuzingatiwa. Ruhusa hiyo ndiyo iliyoondolewa. Katika chuo cha MIT, wanafunzi weusi waliokuwa takriban asilimia 13 ya wanaoingia walishuka hadi asilimia 5 mwaka 2024.

Wapinzani wana hoja isiyostahili dharau: mtoto wa tajiri mweusi aweza kumpita mtoto wa maskini mweupe. Hilo latosha kutufanya turekebishe mizani, wala halitoshi kutufanya tuitupe. Mbona hukumu hiyo haikuondoa desturi ya vyuo kuwapendelea watoto wa waliosoma humo zamani? Upendeleo wa kurithi umeachwa. Upendeleo wa kufidia umepigwa marufuku.

Sisi Wakenya tuliamua vingine. Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaiamuru Serikali ichukue hatua za kuwainua waliobaguliwa zamani, na kinaongeza sharti la busara: manufaa yatolewe kwa haja ya kweli. Kifungu cha 56 kinadai nafasi maalum za elimu kwa jamii ndogo na zilizotengwa. Lakini maandishi hayajilindi. Nafasi ya mtoto wa mchungaji wa mifugo wa Turkana ikitwaliwa na mtoto wa mkubwa kwa sababu tu ya jina la kabila, adui wa Katiba atakuwa amepata ushahidi wake.

Basi tudai majina na vigezo vya wanaopewa nafasi na misaada ya karo visomwe hadharani. Zakayo wa Injili hakuishia kutubu kwa maneno. Aliahidi kurudisha mara nne. Taifa lililonyang'anya nalo lirudishe, na lirudishe kwa mwenye kudai.