Wavuvi Wahesabiwe Kabla ya Nanga

Katika Ulaya ya Kaskazini watu wamekwisha kuanza kuvuna umeme kwa mitambo ya upepo inayoelea baharini. Shamba la kwanza la namna hiyo, Hywind Scotland, lilifunguliwa mwaka 2017 mbele ya mji wa Peterhead, nalo lina mitambo 5. Sisi hatuipingi kazi hiyo. Tunalosema ni hili: apangaye mitambo ile asiangalie umeme peke yake.

Kupanga si jambo dogo. Upepo ukishapita katika mtambo wa kwanza hutoka umechoka. Mtambo wa pili ukikaa karibu mno hupata makombo. Ukitengwa mbali, waya za umeme huwa ndefu, gharama hupanda, na bahari inayochukuliwa huzidi. Tena kila mtambo wa Peterhead umefungwa kwa minyororo 3 iteremkayo mpaka kwenye nanga zake. Aliye juu ya maji haioni, lakini wavu wa kukokota waweza kunaswa nayo.

Mabingwa hupiga hesabu ya upepo, waya na nanga, kisha husema wamepata mpango ulio bora. Twauliza: bora kwa nani? Peterhead ni bandari kubwa ya samaki. Mvuvi wake yu wapi katika hesabu hiyo?

Wapo watakaojibu kwamba haiwezekani kumtimizia kila mtu. Si kweli. Huko Norway, katika shamba la Hywind Tampen lililofunguliwa mwaka 2023, mitambo 11 hushirikiana nanga 19. Kila mmoja ungejitegemea zingetakiwa 33. Akili iliyoweza kupunguza nanga haishindwi kuacha njia ya nyavu. Na hapo Peterhead, mwaka 2022, madema na mishipi vilijaribiwa katikati ya mitambo. Jaribio jema, lakini lilikuja miaka 5 baada ya shamba kufunguliwa!

Twataka mambo mawili. Kwanza, wavuvi waitwe mezani kabla ramani haijachorwa. Pili, kila hesabu ya umeme utakaopatikana iandamane na hesabu ya eneo la uvuvi litakalopotea, watu wote waione.

Bahari ni mali ya wote. Mstari wa ramani hufutika, lakini nanga iliyokwisha kuteremshwa haiondoki kwa maneno. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.