Ramani ya kijiji isife kabatini

Leo naacha mbegu na viwavijeshi pembeni, niseme juu ya karatasi, kwa sababu shamba bila karatasi siku ya ugomvi ni maneno matupu.

Siku chache zilizopita niliitwa kusaidia kwenye mgogoro wa mpaka kati ya vitongoji viwili. Mtendaji alifungua kabati akatoa ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi. Mchwa walikuwa wameshakula upande wa kaskazini, na ugomvi wenyewe ulikuwa kaskazini. Mradi uliochora ramani ile ulikuwa umeacha pia CD. Tuliiweka kwenye kompyuta, mafaili yakagoma kufunguka, kwa kuwa yalitaka programu ya kulipia ambayo ofisi yetu haina. Mradi ulishaondoka na ufunguo wake. Tulirudi nyumbani bila jibu, na wale ndugu bado hawasalimiani.

Maoni yangu ni haya: ramani ya kijiji itunzwe kama mbegu ya msimu ujao. Iwe na nakala zaidi ya moja, zikae mahali tofauti, na zifunguke kwa programu huria isiyodai ada. Programu ya aina hiyo ipo, inaitwa QGIS. Imekuwepo tangu mwaka 2002, haina malipo, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Mwalimu wa sekondari mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kujifunza.

Kwa nini nasisitiza? Wazee wa Hanang wanaikumbuka kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya NAFCO, shirika la umma lililolima ngano kwa msaada wa Kanada. Mashamba yale yalichukua ekari zipatazo 100,000, nyingi zikiwa malisho ya Wabarabaig. Mahakama Kuu iliwapa haki wanakijiji. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikaeleza kwamba kijiji kuandikishwa hakutoshi kuthibitisha kwamba ardhi ni yake. Sisemi ramani peke yake ingewashindisha. Nasema mahakamani huulizwa uthibitisho, na uthibitisho unaanza kutunzwa kabla ya kesi. Leo tuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na cheti cha ardhi ya kijiji kinatolewa baada ya majirani kukubaliana mipaka. Makubaliano hayo yakiliwa na mchwa, mnaanza upya.

Tufanye nini? Napendekeza hivi:

1. Serikali ya kijiji iorodheshe ramani na mihtasari yote ya mipaka iliyopo.

2. Kila karatasi iskaniwe. Pasipo na skana, ilazwe tambarare penye mwanga, ipigwe picha kutoka juu.

3. Picha iingizwe QGIS na kufungwa kwenye sehemu yake halisi ya ardhi. Chagueni alama zisizohama: makutano ya mito, kilele cha kilima, njia panda ya zamani. Zisipungue nne, zikifika kumi ni bora zaidi. Mti na nyumba msizitumie.

4. Nakala moja ikae ofisi ya kijiji, ya pili maktaba ya sekondari ya kata, ya tatu halmashauri.

Ramani nyingine za eneo letu zitafuteni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa na kwenye ofisi za upimaji. Kumbukeni Manyara ilizaliwa mwaka 2002 kutoka Arusha, na enzi za mkoloni tulikuwa Jimbo la Kaskazini. Ukiuliza karatasi za zamani kwa jina la Manyara, utaambiwa hakuna. Uliza Mbulu, maana Hanang nayo ilikuwa ndani yake.

Hapa pana mtego mmoja. Ramani za zamani za kipimo cha 1:50,000 (sentimita moja ni mita 500) zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Simu yako inatumia WGS 84. Ukihamisha namba za ramani kwenda kwenye simu bila kubadilisha, utakosea takriban mita 300. Hilo ni shamba zima la jirani! QGIS inabadilisha yenyewe, mradi uiambie ramani ni ya msingi upi.

Wafanyabiashara, nanyi hili linawahusu. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe kutoka Mlima Hanang yalishuka hadi Katesh, yakaua watu zaidi ya 80. Kabla ya kununua kiwanja cha duka au ghala, ilinganisheni ramani ya zamani na picha ya leo. Korongo lililolimwa na kusahaulika huonekana pale, na maji hayasahau njia yake.

Lakini ramani ya zamani si msahafu. Aliyeichora mara nyingi aliona pori tupu mahali ambapo mfugaji aliona malisho ya kiangazi, na makaburi ya wazee, bung'eda, hakuyaandika. Kwa hiyo wazee watembee na vijana wenye simu, waonyeshe mapito ya mifugo, visima na makaburi, navyo viingie kwenye ramani ileile. Karatasi bila wazee ni nusu ya ushahidi.

Wapo wanaoniambia, "Afisa, ukiweka ramani wazi unawaonyesha matajiri pa kupora." Hofu hiyo naielewa. Mkutano mkuu wa kijiji ndio uamue kipi kionekane na kila mtu na kipi kifungiwe, hasa makaburi na maeneo ya matambiko. Lakini mwenye fedha atapata ramani hata tukificha. Atakayekosa ni mwanakijiji.

Mkutano wa kijiji ujao, simama uulize swali moja tu: ramani yetu iko wapi, na nani ana nakala? Mkiipata, nileteeni ofisini, nitasaidia kuiingiza kwenye kompyuta bila malipo. Njooni kabla ya mchwa.