Jogoo wa Kilo 18



Kijana mmoja tunayemfahamu alituletea karatasi, akitaka tumsomee tangazo lake la kutafuta mke kabla hajalipeleka. Sisi tumezoea matangazo ya aina moja: kijana mcha Mungu, mtanashati, mwenye kazi nzuri, anatafuta binti mcha Mungu, mzuri, mwenye stara. Ukisoma moja umesoma ishirini. Wote watanashati, hakuna hata mmoja anayekoroma.

Lake lilikuwa hivi: "Nina miaka 34. Nywele zimeanza kuniaga. Mshahara wangu huja kwa miguu na huondoka kwa pikipiki. Wali najua kupika, ila ukoko huwa mwingi kuliko wali. Nyumbani kuna jogoo wa kilo 18 anayeniamsha kabla ya adhana." Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Mama yake hakucheka. Alisema ndoa ni ibada, si vichekesho, na kwamba watu watasema mtoto hakufunzwa adabu. Tunamheshimu bi mkubwa, lakini kwenye hili tulikuwa upande wa kijana.

Mtindo huu si mpya. Kule Uingereza, jarida la London Review of Books lilianza mwaka 1998 kuchapisha matangazo ya watu wanaotafuta wenza, na wasomaji wake wakaacha kujisifu. Walijitangaza kwa vipara vyao, umaskini wao na hasira zao, hadi mwaka 2006 mhusika wa ukurasa ule, David Rose, akayakusanya kuwa kitabu. Mengi ya yaliyomo hayatufai Waislamu, na wanachokitafuta mara nyingi si ndoa. Lakini anayetaja kipara chake mwenyewe huwa amemwondolea mwenzake mshtuko wa siku ya kwanza kuonana.

Na sisi tunao mfano wetu ulio bora zaidi. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Fatima bint Qays (R.A.) alimweleza Mtume (S.A.W.) kuwa ameposwa na Muawiya na Abu Jahm. Akamjibu kwamba Abu Jahm haiteremshi fimbo yake begani, na Muawiya ni maskini hana mali. Aolewe na Usama bin Zayd. Hakuna aliyepambwa hapo. Wanazuoni wamesema maneno yale ya fimbo maana yake ni mtu anayepiga wake zake, na wengine wakasema ni mtu wa safari nyingi. Maneno machache, picha kamili, na binti wa watu akajua anachokiendea. Kama inajuzu kusema aibu ya mposaji ili mwanamke asidanganyike, basi mposaji akiisema mwenyewe huku anatabasamu kuna ubaya gani?

Tatizo letu lilikuwa jogoo. Tulidhani kweli ni jogoo! Mmoja wetu akauliza kuku gani huyo wa kilo 18, na kijana akainamisha kichwa. Ni mwanawe wa miaka 5, wa ndoa iliyovunjika. Hapo ndipo tulipoelewa kilichokuwa kinamkera mama yake, ingawa alikuwa akizungumzia adabu tu.

Mtume (S.A.W.) alikuwa akitania, na akasema kwamba hata akitania hasemi ila kweli. Nywele na ukoko ni utani wa kweli. Jogoo ulikuwa utani wa kuficha. Dada atakayecheka leo akisoma tangazo, kesho afungue mlango akute mtoto anayehitaji mama, atakuwa ametapeliwa, na mtoto mwenyewe atakuwa amefanywa kichekesho kabla hajapata wa kumlea.

Tulimrudishia karatasi. Siku ya pili akaja na hii: "Nimewahi kuoa, tukaachana. Nina mtoto wa kiume wa miaka 5, ninaishi naye. Huamka kabla ya adhana, na mwenzangu ajiandae." Mama yake aliisoma mara mbili, akasema kwenye ukoko aongeze kwamba hata maharage huunguza.